Ukilogini kwenye seva ya Linux halafu amri zako hazionekani, anzia hapa

Hii ni kwa nyie mnaoshika kompyuta za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) huku Mtwara na Lindi, maana msimu wa korosho ukianza tu Oktoba simu hazikatiki, "kaka seva imekataa". Skripti ya ripoti ya ghala ilikuwa inapiga kazi, leo karani kaingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kaandika jina la skripti anajibiwa command not found, na anaapa hajagusa kitu. Mara nyingi kweli hajagusa. Kilichovurugika ni mazingira ya huyo yuza, sasa kabla hujafungua faili na kuanza kubadilisha badilisha, jua kwanza umeingia na shell (programu inayopokea amri zako) ya aina gani.

Andika echo $0. Ikitoka -bash, yenye kistari mbele, hiyo ni shell ya logini, ikitoka bash tupu siyo. Ya logini inasoma /etc/profile, halafu inaenda home kwa yuza (folda lake, ndo hiyo alama ~) kutafuta ~/.bash_profile, isipoikuta inatafuta ~/.bash_login, nayo isipokuwepo ndo inasoma ~/.profile, na inaishia kwenye ya kwanza iliyoikuta, zilizobaki haina habari nazo. Isiyo ya logini, kama ile ya kufungua temino (dirisha la kuandikia amri) kwenye desktopu, inasoma ~/.bashrc.

Mtego mkubwa uko hapo. Ubuntu na Debian zinampa yuza .profile ambayo ndani yake ndo inaiita .bashrc. Ikitokea programu fulani wakati wa kujiinstoli imetengeneza .bash_profile yenye mstari mmoja tu, .profile haisomwi tena na .bashrc inaondoka nayo, aliasi (majina ya mkato ya amri) zote kwishnei na PATH (orodha ya folda ambako shell inatafuta amri) imepungua, na hakuna faili lililofutwa! Piga ls -la ~ uone kama zipo zote mbili. Zikiwepo, weka hii juu kabisa kwenye .bash_profile:

[ -f ~/.profile ] && . ~/.profile

Fungua sesheni ya pili kujaribu, ile ya kwanza usiifunge mpaka uone hii imekubali, hasa kama seva iko Newala na we umekaa Mtwara mjini.

Kama hata ls inakataa, mtu kaandika PATH=/opt/ghala/bin akasahau kumalizia na :$PATH. Usipaniki, andika export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin amri zirudi, ndo urekebishe faili.

Yuza mpya anaona alama ya $ peke yake, mshale wa juu hauleti amri za nyuma? Cheki getent passwd jina (hapo kwenye jina weka la huyo yuza), angalia mwisho wa mstari. Ukikuta /bin/sh ujue aliundwa kwa useradd bila -s, mpe sudo chsh -s /bin/bash jina. Ukikuta nologin au false, huyo kazuiwa makusudi, uliza kwanza kabla hujajifanya msamaria. Na kama ssh inalalamika Could not chdir to home directory, useradd ilikosa -m, home haipo kabisa.

Ukiona $'\r': command not found, faili limehaririwa kwenye Windows. Safisha na sed -i 's/\r$//' ~/.profile, imeisha hiyo.

Ukishindwa kujua ni faili gani linaharibu, acha kukisia, piga bash -lixc true 2> ~/kagua.txt halafu soma hilo faili, kila mstari uliopita wakati shell inaamka utauona humo.

Kitu kingine watu wanajaribu kwa su jina halafu wanasema mbona kwangu inafanya, andika su - jina, bila kistari unabaki na sehemu kubwa ya mazingira yako mwenyewe. Na skripti inayokubali ukiiendesha kwa mkono ila usiku kwenye cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) haitoi ripoti, huko usihangaike na .profile, cron haiisomi, we weka PATH juu kwenye crontab (faili la hiyo ratiba) yenyewe au andika njia nzima ya kila amri.