Unapanda ndege ndogo kutoka Kigoma? Funga mizigo kwa akili

Jamani, Bombardier Q400 za Air Tanzania zina viti 76, viwili viwili kila upande, na kabati za juu ni finyu. Ule mkoba wa magurudumu uliozoea kuingia nao kwenye Airbus unaweza kuchukuliwa pale pale chini ya ngazi ukapelekwa kwenye buti. Kwa hiyo dawa, miwani, chaja na vyeti viweke kwenye kamkoba kadogo kanakoenea chini ya kiti cha mbele. Mama yangu dawa zake za presha ziliwahi kubaki kwenye mkoba mkubwa, safari nzima sikutulia.

Dagaa na migebuka ikauke kabisa, kisha mifuko miwili na boksi lenye gundi pande zote. Mawese usiyajaze dumu mpaka shingoni, na uyatangaze unapokabidhi mzigo.

Kiti: anayesumbuliwa na kelele aombe cha nyuma, mbali na mapangaboi. Dirishani kunapendeza kweli, maana bawa liko juu, halizibi Ziwa Tanganyika. Ukikaa karibu na injini utaona magurudumu yakishuka kutoka chini yake kwa kishindo. Usishtuke, ndivyo yanavyofanya.

Na mwenye mtoto mchanga, tafadhali, mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, usingoje alie. Kumeza ndiko kunakozibua masikio. Mkubwa naye atafune pipi au apige miayo.