SOMO: Walimu, tutunze sauti zetu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ikifika Alhamisi wengi wetu tunaongea kwa mkwaruzo, na tumeshazoea kusema ndiyo kazi yenyewe. Mimi sikubali. Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kuna nyuzi mbili za sauti, na kila tunapoongea zinagongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde; kwa wanawake ni kama mara 200. Ukipaza sauti darasa zima zinagongana kwa kishindo, zinavimba, na hali hiyo ikiendelea zinaota vinundu.

Hatua ya 1: Pasha sauti kabla ya kengele. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Chukua chupa yenye maji nusu, tumbukiza mrija sentimita 2 au 3, kisha vumisha "uuu" kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu. Mashavu yalegee, mapovu yatoke mfululizo. Ukishazoea, panda kutoka sauti nzito hadi nyembamba, ushuke tena. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Maji yanasukuma hewa irudi nyuma kidogo, nyuzi zinatetemeka bila kubamizana. Ofisini watakucheka, waache wacheke.

Hatua ya 2: Acha kupiga kelele za "Nyamazeni!" Wafundishe wanafunzi makofi ya kuitikia: wewe unapiga, wao wanajibu na kunyamaza. Maliza kuandika ubaoni, geuka, ndipo uongee. Mvua ikipiga bati usishindane nayo, wape zoezi.

Hatua ya 3: Maji, kidogo kidogo kutwa nzima. Ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi, vumbi la chaki lisiruke.

Hatua ya 4: Koo likiwasha, meza mate au maji. Kujikoholesha kunazibamiza nyuzi zilezile.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sauti ikikata huwa nanong'ona hadi kipindi kiishe. Ni sawa?
Jibu: Hapana, mwalimu. Kunong'ona ili darasa zima lisikie kunakaza koo vilevile. Ongea taratibu kwa sauti yako ya chini, au unyamaze.

Swali: Na tangawizi yenye limau?
Jibu: Kunywa kama unaipenda, ila haifiki kwenye nyuzi za sauti. Ingefika ungepaliwa! Mwenye kiungulia aache limau.

Swali: Mimi ni mwezi wa pili sasa nakwaruza, lakini siumwi popote.
Jibu: Kutoumwa kusikudanganye, dada. Mkwaruzo ukipita wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuchungulie kwa kamera. Usijinunulie dawa za vidonge dukani. Vikiwa ni vinundu, vingi hupungua kwa mazoezi ya sauti bila kisu. Ukiona damu, au kupumua na kumeza kunakuwa kwa shida, usingoje wiki 3, nenda leo.

Swali: Mkuu wa shule hataki kunipunguzia vipindi.
Jibu: Mpelekee maandishi ya daktari. Kwa sasa mwombe mtaaluma, yule mwalimu anayepanga ratiba, asikupange vipindi vitatu mfululizo, na zamu ya mstarini badilishana na mwenzako.