Baiskeli kwa kikundi wakati wa baridi

Mlioko London mnaopenda kuzunguka na wenzenu kwa baiskeli Jumapili, Desemba hii tokeni asubuhi. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na giza likishaingia ndani ya Bushy Park au Richmond Park, kulungu aliyesimama barabarani humwoni mpaka umfikie. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria; mchana wa ukungu pia nawasihi mziwashe.

Hatari kubwa kwenye mitaa ya makazi ni majani yaliyolowa chini ya miti. Yanateleza kama sabuni, na asubuhi huficha barafu. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka; ukishaanza kukata kona, usiguse breki ya mbele. Acha nafasi ya kutosha kati yako na wa mbele.

Asiye na madigadi akae nyuma kabisa, maana tairi lake humrushia tope usoni anayemfuata. Mkisimama kuziba pancha, vaeni makoti papo hapo. Jasho likipoa mgongoni mtatetemeka, na vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki.