Mtaro wenu uingie kwenye bajeti ya kaunti: anzeni kabla ya Septemba

Nakaa Kisauni, Mombasa, mtaa ambao masika yakikaza maji huingia hadi uvunguni mwa vitanda. Mara ya kwanza kuomba mtaro tulikwenda mwezi wa tano, tope lingali miguuni. Tulikuwa tumechelewa: makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mradi usiokuwamo kwenye mpango haupati pesa.

Basi shikeni kalenda kwanza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mradi hutafutiwa nafasi mapema mno. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka sharti uwe mbele ya bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Kikao cha mtaa kiwe Juni au Julai. Februari 28 ndiyo siku ya mwisho ya waraka wa sera ya fedha, unaogawa mafungu ya idara. Hapo teteeni fungu lenyewe, kwa sababu fungu likishabanwa mtaro wenu hauna pa kutokea.

Halafu pimeni. Sisi tulichukua kamba ya manila, tukaifunga fundo kila mita tano, vijana wawili wakaivuta toka nyuma ya msikiti hadi kwenye kalvati: mita 180. Tukahesabu nyumba, wapangaji wakiwamo, maana mwenye nyumba huenda anaishi kwengine na maji hayamfiki. Mama mmoja mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu akatuambia jambo ambalo sote halikutupitia akilini: mtaro ukiachwa wazi, mwanawe hatoki nje. Ombi likabadilika palepale. Tuliandika hivi:

“Tunaomba mtaro wenye vifuniko, mita 180, kutoka nyuma ya msikiti hadi kwenye kalvati. Utahudumia nyumba 64 na njia ya watoto wa shule.”

Ukurasa mmoja watosha, na picha za mafuriko zenye tarehe. Mpelekeeni msimamizi wa wadi, mwakilishi wadi na karani wa bunge, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Msiende kama waomba sadaka. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na muuza viazi karai anayelipa ada ya soko ni mmoja wa wanaoujaza mfuko huo.

Bajeti ikipita, itafuteni na msome jina la mradi pamoja na kiasi kilichotengwa. Jina bila pesa si mradi. Makadirio ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti katikati ya mwaka, nayo myasome kila yanapoletwa, kwani hapo fedha huhamishwa, mara nyingine kwenda kulipa madeni ya wakandarasi. Mkitaka hati na hampewi, andikeni ombi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu.

Sisi tulipata mita 120. Zile 60 zilizobaki tuliziandika upya mwaka uliofuata, kwa vipimo vilevile. Kamba iko kwa katibu wetu, na Juni hii mtaa wa pili wamekuja kuiazima.