Gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inakwama: kusafisha vumbi kwenye laptopu ya gemu

Kama gemu inaenda laini kwa fremu 60 kwa sekunde, kisha baada ya dakika kumi au kumi na tano inashuka hadi 25 huku feni zikilia kwa nguvu zote, na ukipumzika kidogo mambo yanatengemaa, hapo prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue. Kwa prosesa nyingi za laptopu mpaka wa joto ni kati ya nyuzi 95 na 105 za Selsiasi. GPU (chipu za picha) za NVIDIA huanza kubanwa zikikaribia 87.

Usikimbilie bisibisi. Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la laptopu, fungua ukurasa wa sensa, kisha cheza gemu nzito dakika 20 chaja ikiwa imechomekwa. Andika joto la juu kabisa la prosesa na la GPU. Kama prosesa haikuvuka 80 na GPU haikufika 75, vumbi unalisingizia tu: angalia RAM, diski, au chaja. Betri kuendelea kushuka wakati umechomeka umeme mara nyingi ni dalili ya chaja yenye wati pungufu. Lakini ukikuta prosesa iko 95 na kuendelea, au GPU inakaribia 87, laptopu ifunguliwe.

Wengi hupuliza blowa kwenye matundu ya nje wakaridhika. Haisaidii kwa muda mrefu. Feni huvuta hewa kutoka chini na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyo nyuma au ubavuni. Vumbi, nywele na nyuzi za blanketi hunasa upande wa ndani, pale feni inapokutana na mapezi, na hushikana mpaka kuwa kama kipande cha zulia. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha hilo zulia ndani ya feni, na kesho feni italirudisha palepale. Lazima feni itoke.

Andaa bisibisi ndogo za nyota (PH0 na PH1), kadi ya benki iliyokwisha muda, brashi laini ya rangi, kibanio, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Sanitaiza ya mikono haifai, ina maji na jeli. Na tafadhali, usiipeleke kwa fundi pancha akupulizie: hewa ya kompresa yake hubeba maji na oili.

Zima laptopu kabisa, siyo kuifunika tu, na uchomoe chaja. Skrubu za chini hazina urefu mmoja, kwa hiyo chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uzibandike kwa selotepu mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa upande wa kibodi. Pitisha kadi pembezoni mwa kifuniko. Kikigoma, kuna skrubu umeisahau, mara nyingi chini ya miguu ya mpira. Ukishafungua, kitu cha kwanza ni kuchomoa plagi ya betri. Shika plagi yenyewe, usivute nyaya.

Chomoa plagi ya feni, fungua skrubu zake chache, inyanyue. Hapo utaliona zulia lenyewe: litoe zima kwa kibanio, maliza kwa brashi. Ukipuliza feni, zuia mapanga yake kwa kidole, maana yakizungushwa ovyo huharibu beringi.

Kwa laptopu ambayo haijafika miaka mitatu, ishia hapa, funga, pima tena. Kubadilisha pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipoza ili kupitisha joto) bila sababu ni kutafuta matatizo.

Kama ina umri zaidi ya huo, pesti huenda imekauka. Skrubu za kipoza joto, kile chuma kilicholala juu ya chipu, huwa na namba: zilegeze kuanzia kubwa kwenda ndogo, nusu mzunguko kila moja, na wakati wa kurudisha anza na 1. Ukikuta kimiminika cha fedha kinachong'aa, kama kwenye baadhi ya ASUS ROG, acha. Ni metali ya maji iliyowekwa badala ya pesti, inapitisha umeme, na tone moja kwenye bodi linaweza kuiua.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi. Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma juu, kwa hiyo pesti mpya (MX-6 au NT-H1 zinatosha) isambazwe nyembamba mpaka ifunike uso wote. Kona ikibaki wazi, joto hujaa hapo. Vipande laini vilivyo juu ya chipu za kumbukumbu viache kama havijachanika. Ukilazimika kuvibadilisha, unene uwe uleule: ukiweka milimita 1 palipokuwa na 0.5, kipoza kinanyanyuka na GPU inachemka kuliko mwanzo.

Rudia kipimo kilekile, kwenye chumba chenye joto lilelile. Kulinganisha mchana wa Dar na usiku wa manane kutakudanganya. Chipu moja ikipoa na nyingine ikabaki na moto, kipoza hakijakaa sawasawa. Zote zikiwa na moto na feni iko kimya, plagi ya feni haijaingia.

Prosesa ikiendelea kugusa 95 wakati kila kitu ni safi, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo huzima mbio za ziada za prosesa (turbo), na joto hupungua. Weka pia kikomo cha fremu 60 kama skrini yako ni ya hezi 60. Vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma vinaipa feni hewa. Kitandani usicheze kabisa.

Ukiishi kando ya barabara ya vumbi, fungua kila miezi sita. Kwingine, mara moja kwa mwaka inatosha.