Jinsi ya Kuzuru Podlasie kwa Baiskeli: Misitu, Mito na Vijiji vya Mashariki mwa Poland

Anayepanga safari ya baiskeli katika vijiji vya mashariki mwa Poland huanza, kama sote tulivyoanza, kwa kufungua ramani na kuhesabu kilomita. Katika mkoa wa Podlasie, unaopakana na Belarus na Lithuania, hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu nchi yenyewe ni tambarare na mtu hujiaminisha kwamba kilomita 90 kwa siku si kitu, hadi anapokutana na mchanga. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu nautoa mapema: panga siku zako kwa kuangalia aina ya ardhi, mahali pa maduka na vivuko vya mito, na kilomita uziache zije mwisho.

Mzunguko ninaoupendekeza unaanzia na kuishia Białystok, mji mkuu wa mkoa, ambao hufikiwa kwa treni kutoka Warsaw. Unapita Supraśl, Krynki na Kruszyniany, unashuka hadi msitu wa Białowieża, kisha unageuka magharibi kupitia Hajnówka na vijiji vya bonde la mto Narew hadi Tykocin. Jumla yake ni takriban kilomita 300 hadi 350, kutegemea njia za msituni utakazochagua, na siku saba zinatosha bila kukimbizana. Sehemu kadhaa za safari zinafuata Green Velo, njia ndefu ya baiskeli ya takriban kilomita 2,000 inayopita mikoa mitano ya mashariki. Utaitambua kwa vibao vyake vya rangi ya chungwa, na kando yake kuna vibanda vya kupumzikia vyenye mabenchi na mahali pa kuegesha baiskeli, ambavyo huwa na thamani kubwa mvua inapokukuta kati ya kijiji na kijiji.

Majira mazuri ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Mwezi Juni jua huchomoza mnamo saa kumi alfajiri na huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hata mwendo wa polepole hautakuacha gizani. Mimi napenda Juni kwa sababu nyingine pia: ndio wakati ambapo makinda ya korongo weupe yapo viotani, juu ya nguzo za umeme na mapaa ya mabanda. Korongo hao huondoka mwishoni mwa Agosti, wakapita Uturuki na bonde la Nile, na wengi wao huja kukaa Afrika Mashariki na Kusini wakati Poland ina theluji. Huenda yule unayemtazama kijijini ndiye uliyemwona Januari kwenye mashamba ya mpunga nyumbani.

Baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba uiache. Chukua yenye tairi za upana wa milimita 40 hadi 50 na gia nyepesi za kutosha, na mzigo uufunge chini, kwenye mabegi ya pembeni ya keria, kwa kuwa begi zito mgongoni hukuyumbisha pale hasa unapohitaji kutulia. Sheria ya Poland inadai kengele na breki inayofanya kazi, pamoja na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma giza linapoingia. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa mwendesha baiskeli ni kidogo sana, 0.2 kwa elfu katika damu, na polisi hupima kweli. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na kipande cha kuungia mnyororo, maana ukishatoka Białystok na Hajnówka mafundi baiskeli ni wachache.

Sasa mchanga. Barabara nyingi za msituni hapa hazina lami, na mchanga hujitangaza kwa rangi: njia ya kijivu iliyoshindiliwa hugeuka njano iliyopauka, na alama za matairi ya trekta huonekana zimeporomoka kingo. Ukiona hivyo, badilisha gia iwe nyepesi kabla hujaingia, kwa sababu ukiwa ndani miguu haitakupa nafasi hiyo. Sogeza uzito nyuma ya kiti, legeza mikono kwenye usukani, uache gurudumu la mbele litafute njia yake lenyewe, na endelea kukanyaga pedali kwa mwendo ule ule. Kosa la kila mgeni ni kuukamata usukani kwa nguvu na kujaribu kuunyoosha, na hapo ndipo gurudumu hukunja na mtu akalala ubavu. Ukishasimama katikati usijaribu kupanda tena. Shuka, sukuma hadi ukingo wenye nyasi, ndipo uendelee. Kwenye vipande virefu punguza upepo wa tairi kidogo, na ukifika kwenye lami ujaze tena. Siku yenye mchanga mwingi ihesabu kuwa ya kilomita 45, hata kama jana yake ulikwenda 70 bila kutoka jasho.

Jambo la pili linalovuruga mipango ni Jumapili. Tangu 2018 Poland imekuwa ikibana biashara siku hiyo, na karibu Jumapili zote za mwaka maduka makubwa hufungwa. Hubaki wazi vituo vya mafuta na vile viduka ambavyo mwenyewe husimama kaunta. Hata jina lenyewe la Jumapili kwa Kipoland, niedziela, asili yake ni kutofanya kazi. Jumapili yangu ya kwanza huko niliimaliza kwa matufaha mawili na biskuti, nikiwa nimepita maduka matatu yenye makufuli. Nunua chakula Jumamosi kabla ya jioni, na uangalie pia sikukuu: tarehe 15 Agosti, kwa mfano, karibu kila kitu hufungwa. Katika kijiji kidogo neno la kutafuta ukutani ni sklep, yaani duka, na kabla ya kuomba chochote sema dzień dobry. Salamu hiyo hufungua uso wa muuzaji kuliko tabasamu peke yake.

Kwa wasiokula nguruwe, tahadhari moja haionekani kwenye orodha ya vyakula. Vyakula vya viazi vya mkoa huu, na hata pierogi, vifuko vya unga vya kuchemsha, zilizojazwa kabichi na uyoga, mara nyingi humwagiwa juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema bez skwarków, maana yake bila vipande hivyo, na kwa usalama zaidi uliza pia ndani kuna nini.

Kwa malazi, familia nyingi za wakulima hukodisha vyumba chini ya jina la agroturystyka, na kifungua kinywa chao huwa kizito kiasi cha kukufikisha saa nane mchana. Anayebeba hema ana nafasi nyingine nzuri: tangu Mei 2021 idara ya misitu ya serikali imetenga maeneo ambayo mtu anaweza kulala msituni bila malipo, na kundi lisilozidi watu tisa likilala mahali pamoja kwa usiku usiozidi miwili halihitaji hata kutoa taarifa. Ruhusa hiyo haihusu hifadhi za taifa, wala haimaanishi unaweza kuwasha moto popote. Wakati wa kiangazi kikali idara hufunga baadhi ya misitu kwa hofu ya moto. Maneno zakaz wstępu kwenye kibao yana maana kwamba hairuhusiwi kuingia, nawe geuza.

Malaria huko hakuna, lakini kupe wako wengi, nao hueneza ugonjwa wa Lyme pamoja na homa ya ubongo ambayo kaskazini-mashariki mwa Poland inajulikana kwayo. Homa hiyo ina chanjo ya dozi tatu, kwa hiyo muone daktari miezi kadhaa kabla ya safari. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa soksi, na ukimkuta kupe mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu kwa kumnyoosha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Likitokea duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye, hilo ni la hospitali.

Kuhusu karatasi, Poland imo katika eneo la Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu Desemba 2007, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya eneo hilo. Lakini lipo jambo la mpakani lisilofaa kufichwa. Tangu 2022 kuna uzio wa chuma kwenye mpaka wa Belarus, na Juni 2024 serikali ilitangaza sehemu kadhaa za ukanda huo kuwa marufuku kwa raia, huku mipaka yake ikiendelea kubadilishwa. Kabla ya kutoka Białystok soma taarifa za karibuni za Straż Graniczna, kikosi cha walinzi wa mpaka, na usifuate njia yoyote ya msituni inayoelekea kwenye uzio. Msafiri Mwafrika asishangae akisimamishwa na doria mara nyingi kuliko Mzungu aliye naye. Ana haki ya kukerwa, ila pasipoti yenyewe mfukoni, si picha yake kwenye simu, humaliza maneno upesi.

Siku ya kwanza ni kilomita 16 tu hadi Supraśl, penye monasteri ya Kiorthodoksi na makumbusho ya picha takatifu zilizochorwa, kisha msitu wa Knyszyn unakupeleka Krynki, mji mdogo ambao barabara zake 12 zinatokea kwenye uwanja mmoja wa pembe sita. Lala hapo au karibu na hapo, ili Kruszyniany uifikie asubuhi.

Kruszyniany inastahili nusu siku nzima. Mwaka 1679 Mfalme Jan III Sobieski aliwapa wanajeshi wa Kitatari ardhi hapa badala ya mishahara aliyokuwa akidaiwa, na wazao wao wamebaki Waislamu hadi leo. Msikiti wao, uliojengwa kwa mbao katika karne ya 18 na kupakwa rangi ya kijani, kwa mbali unaufananisha na kanisa la kijijini, kwa kuwa una minara miwili mbele. Ndipo unapoona miezi mwandamo juu yake. Vua viatu, jifunike ipasavyo, na ukitaka kuswali sema tu. Nyuma yake, chini ya miti, kuna makaburi wanayoyaita mizar, neno lililotoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupatia sisi kuzuru na ziara, na juu ya mawe ya zamani utakuta Kiarabu, Kirusi na Kipoland pamoja. Usiondoke bila kuonja pierekaczewnik, keki ya matabaka ya unga mwembamba yenye nyama, iliyoviringishwa kama konokono.

Kutoka hapo hadi Narewka ni siku ndefu ya mchanga na mashamba, na siku inayofuata unaingia Białowieża. Msitu huu, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979, ndiko alikouawa mwaka 1919 nyati wa Ulaya wa mwisho aliyekuwa porini hapo. Aina hiyo iliokolewa kwa wachache waliobaki kwenye bustani za wanyama; walirudishwa Białowieża mwaka 1929, na wa kwanza wakaachiwa huru 1952. Sehemu iliyolindwa zaidi haingiwi na baiskeli: unaiacha nje na kwenda kwa miguu pamoja na mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni vyema kumkodi mapema. Gharama hiyo usiikwepe, kwani humo miti iliyoanguka huachwa ioze ilipolala, na shina moja lenye kuvu na miche juu yake linaweza kukuweka dakika 20. Njia za nje ya sehemu hiyo ziko wazi kwa baiskeli. Ukimkuta nyati malishoni alfajiri, kaa mita 50 au zaidi, na kamwe usipite kati ya mama na ndama. Dume hufikia hata kilo 900 na hupiga mbio kuliko mwonekano wake.

Kutoka Hajnówka elekea kwenye vijiji vya Trześcianka, Soce na Puchły, ambako nyumba za mbao zina nakshi zilizochongwa juu ya madirisha na kwenye mbao zake za kufungia. Trześcianka ina kanisa la Kiorthodoksi la kijani na Puchły la bluu. Nyumba hizo zinakaliwa, kwa hiyo piga picha ukiwa barabarani, na aliyekaa kwenye benchi msalimie kwanza.

Mto Narew, baada ya hapo, hugawanyika katika mikondo mingi inayoachana na kukutana tena kati ya matete. Njia ya kuvutia zaidi ya kuuvuka ni daraja la mbao la waenda kwa miguu kati ya Śliwno na Waniewo, lenye urefu wa kama kilomita moja. Mikondo mikubwa haina daraja, bali jukwaa linaloelea ambalo abiria wenyewe hulivuta kwa mikono hadi ng'ambo. Likiwa upande wa pili, vuta mpaka lije. Pandisha baiskeli kwanza, uilaze au mwenzako aishike, kisha vuteni taratibu, maana jukwaa huinama upande wenye uzito. Mabegi mazito yavushe peke yake kama mpo watu wengi. Daraja hilo hufungwa wakati wa matengenezo na mafuriko, kwa hiyo ulizia ulikolala. Kuzunguka kwa barabara ni mbali.

Tykocin ndio mji wa mwisho. Sinagogi lake la mwaka 1642 lina kuta zilizoandikwa sala kwa Kiebrania, na sasa ni makumbusho. Mwezi Agosti 1941 Wanazi waliwapeleka Wayahudi wa mji huu kwenye msitu wa Łopuchowo, kilomita chache kutoka hapo, wakawaua. Mahali penyewe panafikika kwa baiskeli, na ni bora kwenda asubuhi mapema kabla ya mabasi ya watalii. Karibu na mji, Pentowo ina viota vya korongo vingi kiasi kwamba ilipewa mwaka 2001 hadhi ya kijiji cha korongo cha Ulaya.

Zimebaki takriban kilomita 30 hadi Białystok. Kwa treni ya masafa marefu kwenda Warsaw, tiketi ya baiskeli hununuliwa pamoja na nafasi yake, na nafasi ni chache, hasa Jumapili jioni. Inunue siku kadhaa kabla, fika mapema uulize behewa lenye alama ya baiskeli litasimama wapi, na mabegi uyavue ukiwa bado jukwaani.