Difu ya katikati: jinsi ya kuitumia, kuipima na kuiboresha

Mvua za Machi zikishika hapa Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, haipiti wiki kabla gereji haijajaa magari ya watalii yaliyoshindwa kupanda kwenda Nkuringo au Rushaga, kwenye msitu wa Bwindi. Dereva anashuka na maneno yaleyale: "Fundi, fowili imekufa," yaani gari halivuti tena kwa magurudumu yote manne. Mara nyingi haijafa. Haikufungwa, au ilifungwa kwa kuchelewa, au inaharibiwa polepole na kitu ambacho hakuna aliyekipima. Kwa hiyo naanza na kupima, spea zitafuata.

Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Difu ya katikati, iliyo ndani ya transifa (sanduku linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma), ndiyo inayoruhusu propela ya mbele na ya nyuma, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zizunguke kwa kasi tofauti. Ndiyo maana Prado hutembea kwenye lami huku nguvu ikienda magurudumu yote manne, lakini Hilux ya kawaida ukiiwekea fowili kwenye lami hujikaza kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba difu iliyo wazi, yaani isiyofungwa, hupeleka mzunguko kule kulikolegea. Gurudumu moja la mbele likining'inia juu ya mtaro, hilo ndilo litakalozunguka, mengine matatu yatatulia tuli. Loki, yaani kufuli ya difu hiyo, huunganisha propela zote mbili zizunguke pamoja.

Hatua ya 1: Jua gari lako lina nini

Usisome beji ya mlangoni, tazama gia ndogo, yaani mkono wa transifa. Prado 90 yenye H, HL, N na LL ina difu ya katikati: kwenye H iko wazi, kwenye HL na LL imefungwa. Prado 120, iliyoanza mwaka 2002, ina difu ya Torsen, inayojigawia nguvu yenyewe kwa meno yake, inayogawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma, na loki yake ni ya swichi. Land Cruiser 80 nyingi za fowili ya kudumu zina difu yenye viskasi (kopo la mafuta mazito linalozuia propela zisipishane sana), na ukiingiza L, gia ya nguvu, loki hujifunga yenyewe. Land Rover Defender ya zamani na Discovery ya kwanza zina transifa ya LT230: sukuma gia ndogo kushoto ufunge, kulia ufungue. Subaru nyingi za gia za mkono zina viskasi bila loki.

Hatua ya 2: Pima matairi kabla ya kugusa spana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kaka mmoja anayeendesha Land Cruiser 80 alinijia akiwa amebadilishiwa transifa katika gereji moja mjini. Ya kwanza ilikuwa inajikaza kwenye kona, akauziwa nyingine iliyotumika. Baada ya miezi michache nayo ikaanza kulia vilevile. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikazungushia matairi yake. Ya nyuma yalikuwa mapya, mita 2 na sentimita 48. Ya mbele yalikuwa yamekwisha, mita 2 na sentimita 44. Kwa tofauti hiyo, difu ya katikati ilikuwa haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Viskasi ni kopo lililozibwa lenye sahani nyembamba nyingi ndani ya mafuta mazito ya silikoni; sahani zikikimbizana safari nzima, mafuta yanachemka, mwishowe zinashikana. Transifa mbili zilikufa kwa sababu ya matairi, na aliyezilipia ni baba wa watoto. Iliniuma.

Pima yote manne yakiwa na upepo sawa. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6, nami natumia kipimo hichohicho kwa kila gari lenye viskasi. Ukinunua tairi, nunua manne. Ukishindwa, angalau usiache mapya ekseli moja na yaliyokwisha ekseli nyingine.

Hatua ya 3: Jaribu loki kwa jeki

Egesha pahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usitegemee breki ya mkono peke yake, hasa kwenye Land Rover ambayo breki yake hushika propela ya nyuma. Gia kubwa, ile ya kuendeshea, iwe nyutro, gia ndogo iwe H, loki iwe wazi. Inua gurudumu moja la mbele na uweke stendi.

Sasa lizungushe kwa mikono. Kwenye Prado 90 linapaswa kuzunguka, likiwa na uzito kidogo. Kwenye 80 au Subaru tumia chuma kirefu dhidi ya nati za gurudumu: likisogea polepole kama mwiko ndani ya ugali unaoiva, viskasi ni nzima. Likikataa kabisa, sahani zimeshikana. Likizunguka kirahisi kama halina kitu, viskasi imekwisha nguvu. Kisha funga loki ujaribu tena: gurudumu licheze kidogo tu halafu ligome. Likiendelea kuzunguka, loki haijashika hata kama taa ya dashibodi imewaka.

Kwa gari la otomatiki, gia kubwa ikiwa kwenye P (ya kuegesha), gurudumu litagoma hata kama difu haina kasoro. Nimeona fundi akishusha transifa kwa kosa hilo.

Hatua ya 4: Funga mapema, fungua mapema

Ukitoka kwenye lami ya Kabale na kuingia barabara ya vumbi iliyolowa, funga kabla ya mlima. Punguza mwendo sana au simama, magurudumu yasiwe yanateleza, ndipo ufunge. Meno ya loki yanahitaji kukutana. Ukiyalazimisha huku gurudumu moja linapiga matope kwa kasi, utayavunja. Taa ikipepesa, endelea mita chache taratibu hadi itulie.

Kushuka nako funga, uingie gia nzito, ili injini izuie magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Kwenye udongo ule wa mfinyanzi wa Rushaga hiyo hukusaidia kuliko kukanyaga breki.

Ukifika kwenye lami, fungua kabla ya kona ya kwanza. Ikigoma, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, au uchezeshe usukani kushoto na kulia huku unatembea polepole. Propela zimejisokota, zikilegea taa itazimika.

Hatua ya 5: Maboresho, kwa mpangilio ninaoufuata

Kwanza rudisha ulichonacho. Loki ya Prado 120 na ya 80 husukumwa na mota ndogo ya umeme, nayo hushika kutu kwa kutotumiwa. Ifungue, safisha plagi, piga grisi shafti yake. Usiipe umeme wa betri kwa kubahatisha nyaya, kwa sababu ina swichi za kikomo ndani. Baada ya hapo, funga na ufungue loki walau mara moja kwa mwezi, kwenye udongo.

Discovery 2 ni habari nzuri. Za mwanzo nyingi zilitoka bila mkono wa kufungia, lakini meno ya loki yamo ndani. Ingia chini ya gari, tazama juu ya transifa: ukiona ncha ya shafti yenye pande mbili bapa, unaweza kuunganisha mkono wa Discovery ya kwanza. Kama haipo, mkono peke yake hautasaidia.

Difu za kujigawia nguvu, kama ATB ya Ashcroft kwa LT230, ni nzuri kwa lami yenye maji na vumbi. Hata hivyo gurudumu likiwa hewani kabisa difu hizi hukosa mshiko wa kuzidisha, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama mbadala wa loki. Ziwe zote mbili, difu hiyo na loki.

Kwa 80 kuna wanaoondoa difu ya katikati, wakafunga kiunganishi kigumu na habu za kufungia kwa mkono, za kuunganisha au kuachanisha magurudumu ya mbele. Sipendekezi huku kwetu. Lami, ukungu wa msitu wa Echuya na matope hupishana ndani ya saa moja, na kwenye lami iliyolowa utabaki na magurudumu ya nyuma pekee.

Ikiwa loki ya katikati inashika na bado unakwama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure, pesa yako sasa iende kwenye loki ya ekseli ya nyuma.

Kazi ikiisha, oili. Fungua bolti ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ya juu ikigoma baada ya kumwaga, gari litalala hapohapo. Jaza hadi oili ichungulie kwenye ukingo wa tundu. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni kawaida. Ukipata kipande kinachoshikika kwa vidole, usifunge transifa hiyo kabla hujajua kimetoka jino gani.